Maneno Matano Yenye Q na X

Kiswahili hakina Q wala X. Hilo nililijua tangu darasa la nne, ambako ndiko nilikoishia, na sikuona pengo lolote. Nimezaa, nimezika, nimejenga nyumba ya tofali za kuchoma nikaiezeka bati, na herufi hizo sikuzihitaji hata siku moja. Kumbe zilikuwa zinaningoja uzeeni.

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili katika shule ya kata huku juu kwetu, milimani Mbinga. Ninaishi naye tangu anaota meno ya mbele, maana mama yake, binti yangu, anapika hotelini Songea na chumba chake hakitoshi hata kugeuza mwiko. Mtoto huyu ana akili. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Nasema kwa kuwa ni kweli, na asiyetaka kusikia aende akasome matokeo yaliyobandikwa ukutani kwa mkuu wa shule, aanzie juu, hatasoma mbali.

Mwalimu wao wa Kiingereza ni kijana wa Tanga aliyepangiwa huku, anavaa sweta mbili hata jua likiwaka. Yeye ndiye aliyeleta mashindano ya maneno. Anatoa herufi, wanafunzi wanatafuta maneno marefu yenye mojawapo ya herufi hizo, yasiyopungua herufi kumi, pamoja na maana zake. Mshindi anapata nafasi ya kwenda Liuli, chini ziwani, akae wiki nzima na watoto wa shule nyingine wakisema Kiingereza asubuhi mpaka jioni. Nafasi ni moja tu. Na yule kijana akaweka sharti lake: mwanafunzi hasimami peke yake. Anakuja na mzee wa nyumbani. Mwanafunzi analisema neno na kulitungia sentensi, mzee anaeleza maana kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, bila karatasi.

"Neno usiloweza kumweleza bibi yako," anawaambia, "hujalijua bado."

Mwaka jana mjukuu wangu alikuwa na maneno yake yote. Mimi sikwenda. Siku ile tulikuwa tumechuma kahawa, na kahawa iliyochumwa haimngoji mtu, inamenywa siku ileile. Nikajiambia, maneno ni mchezo wa watoto. Nikabaki kwenye mashine nazungusha mkono. Mtoto akarudi saa tisa, akashika ndoo, akaenda kuteka maji bila kunitazama. Jirani ndiye aliyeniambia baadaye: aliitwa mbele, akasimama na kivuli chake, mwalimu akamwomba kwa upole akakae.

Sikumwomba radhi. Kwetu mtu mzima hamwombi mtoto radhi, anamwekea finyango kubwa ya nyama. Nilimwekea. Akala nusu, nusu akaniachia kwenye sahani. Nikaielewa ile nusu.

Mwaka huu herufi zikawa Q na X.

Nilipata habari Jumamosi, natoka kusaga, debe la unga kichwani. Nikakutana na bwana shamba, aliyepanga nyumba ya jirani yangu. Ni mtu wa Mwanza, mpole, ana pikipiki ya serikali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naona Ijumaa tutakuwa wote shuleni."

"Kuna nini shuleni?"

Akaanza kukohoa. Mtu akikohoa bila kifua kumbana, ujue kuna jambo. "Mjukuu wako ameniomba nisimame naye kwenye mashindano," akasema. "Kwa vile wewe mama una shughuli nyingi."

Nilifika nyumbani sijui nimepita njia gani. Debe nililitua kwa kishindo, unga ukaruka mpaka kwenye nyusi zangu. Mtoto alikuwa anachambua maharage.

"Umekwenda kuazima babu kwa jirani?"

"Si babu, bibi. Ni mzee tu wa karibu."

"Mzee! Yule hana mvi hata moja. Nimevaa kanga kabla mama yake hajazaliwa."

"Anajua Kiingereza, bibi."

"Sharti ni Kiswahili. Mimi Kiswahili sikijui?"

Akaendelea kutoa mawe kwenye maharage, jiwe moja, jingine. Kisha akasema bila kuinua uso, "Na usipokuja tena?"

Nilitoka nje, nikazunguka nyumba, nikawafukuza kuku ambao hawakuwa wamekosea, nikarudi. Nikamwambia, "Nipe mpaka Alhamisi. Nikishindwa, mchukue huyo bwana shamba wako, na pikipiki yake."

"Na ukiweza?"

"Nikiweza, utamwambia mwenyewe kwamba una bibi."

Maneno yalikuwa matano. Alikuwa ameyaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri uliolala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. La kwanza earthquake, tetemeko la ardhi. La pili quarrelsome, mtu mgomvi. La tatu acquaintance, mtu mnayefahamiana naye tu ila si rafiki. La nne exhaustion, uchovu uliopindukia. La tano tranquillity, utulivu.

"Hilo la mwisho nani amekuchagulia?" nikamuuliza.

"Nimelitoa kwenye kamusi ya shule."

"Lirudishe."

"Bibi, lina Q katikati, halafu lina herufi kumi na mbili!"

Jioni ya kwanza tulikaa jikoni, akawa ananitamkia. Neno linaingia sikio hili, linatoka na moshi. Nikishika la pili, la kwanza limeondoka. Mimi nikikaa chini akili nayo inakaa chini. Ndivyo nilivyoumbwa. Marehemu mume wangu alikuwa anasema ameoa siafu. Jumapili nayo ikapita hivyohivyo, baada ya misa nikawa natembea uani narudia "akwe, akwe, akwe", majirani wakadhani nawatafuta wakwe zangu.

Ikafika Jumatatu. Ilikuwa Machi, na Machi kwetu ni ngolo. Asiyejua ngolo nimwambie: milima yetu imesimama, ukilima ovyo mvua inakushushia shamba lote bondeni kwa mwenzio. Kwa hiyo wanaume wanafyeka nyasi, zikikauka zinapangwa miraba mteremko mzima kama wavu uliotandazwa. Sisi wanawake tunachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kando. Katikati panabaki shimo la kushika maji, maharage yanakaa kwenye matuta. Kazi ya mgongo. Nimeifanya tangu niolewe huku kutoka Lipingo, na kule ziwani kwetu nilikuwa sijui hata jembe la mlimani linashikwaje. Nilichekwa mwaka mzima. Mwaka wa pili wakaacha kucheka.

Mtoto alikuja shambani akitoka shule, akashika jembe, akaendelea kunitamkia maneno huku tunachimba. Nilikuwa nimeinama kwenye shimo la chini kabisa. "Earthquake," akasema. Jembe likashuka. Nikamwambia, "Hilo liache humu." Tukapanda shimo la pili, nikaliweka quarrelsome. La tatu, la nne, la tano. Tulipofika juu nikageuka nikatazama chini, na nakuambia, niliyaona yote matano yamelala kwenye mashimo yake kama kuku wanaoatamia.

Jumanne niliyapanda mashimo hayo peke yangu. Jumatano niliyapanda mara sita, mashimo yaleyale, kutoka chini kwenda juu, mpaka mkwe wa jirani akauliza kama nimepoteza shilingi humo. Alhamisi jioni mtoto akanipima. Alisema la kwanza, nikajibu. La pili, nikajibu. Yote matano. Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Bibi, umekunywa nini?"

"Togwa. Nenda kamwambie bwana shamba akapumzike."

Akaenda mbio. Niliusikia mlango wa jirani ukigongwa, nikasikia na kicheko cha bwana shamba, na nikajiona nimeshamaliza. Hapo ndipo nilipokosea, na mtoto akakosea pamoja nami, kwa sababu amekulia mlimani kama nilivyozeekea mimi. Tulikuwa tumeyasoma maneno kama tunavyolima: kutoka chini kwenda juu. Sijaanza ngolo juu hata siku moja, nitakuwa nakanyaga kazi yangu mwenyewe. Haikutuingia kichwani kwamba mtu anaweza kuanzia katikati.

Ijumaa nilivaa kitenge kipya na viatu vya harusi za watu. Darasa lilijaa wazazi, madawati yamesukumwa ukutani, katikati pameachwa njia kutoka mlangoni mpaka meza ya mwalimu. Mkuu wa shule, mama wa makamo mwenye miwani, alikaa mezani kama hakimu. Jozi zilikuwa sita. Mzee akikosea mara mbili, wote wawili wanakaa chini.

Niliinuka kwenye dawati mara mbili kabla hatujaanza. Mara ya kwanza nilikwenda kutazama mvua kama inakuja. Mara ya pili sikuwa na sababu. Mjukuu wangu akanishika pindo la kitenge, akalifunga vidoleni mwake.

Jozi ya kwanza walikuwa karani mmoja na binti yake. Karani alikuwa na koti, na kalamu mbili mfukoni. Binti akasema exhaustion vizuri kabisa. Karani akasimama, akakaza tai. "Exhaustion," akasema, "ni ile hali ambayo mtu anakuwa, yaani, amefatigika."

"Kiswahili, mzee," akasema mkuu.

"Anakuwa na stresi. Anakuwa dauni."

Watu wakacheka. Akapewa nafasi ya pili, akalieleza tena kwa Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Wakakaa. Binti alikuwa anaziangalia kucha zake, nikamhurumia mtoto yule. Waliofuata nao wakaanguka, mmoja baada ya mwingine. Babu mmoja na mjukuu wake wakafika mbali, walianguka kwenye neno la tano. Kisha tukaitwa sisi.

Kwa wenzetu mwalimu alikuwa anaokota vikaratasi mezani, tukadhani anafuata orodha; sasa akavua kofia yake ya sufi. Ndani mlikuwa na vikaratasi vya maneno yetu. Akaitikisa, akachota kimoja.

Nikamwambia mjukuu kwa chini, "Anafanya nini huyu?"

"Anachanganya, bibi," akasema, na nikaona uso wake unabadilika.

Akapewa karatasi, akasoma. "Acquaintance." Akatunga sentensi yake, sauti haikutetemeka. Macho yote yakanigeukia. Na mimi, kichwani mwangu, nilikuwa nimesimama kwenye shimo la kwanza na jembe mkononi.

"Ni ardhi kutetemeka," nikasema.

Kicheko kilichopigwa mle ndani kingeangusha bati. Karani alicheka kuliko wote. Mwalimu akaandika alama kwenye karatasi yake: kosa moja. Bado moja tu na Liuli imekwenda. Nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa anatazama mlangoni, na nilijua anamtafuta nani. Bwana shamba alikuwa amekuja, amesimama nje dirishani na kofia yake ya pikipiki. Kama nilitaka kufa siku yoyote, ni ile.

"Mwalimu," nikasema, "neno bado ni letu au limekwenda?"

"Bado ni lenu, bibi. Mna nafasi moja."

Nikageuka nikaenda mlangoni.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Nakwenda shambani."

Wakacheka tena. Wacha wacheke, nilichekwa mwaka mzima na hawa hawa. Nilifika kizingitini, nikageuka. Mlango ukawa chini ya mteremko, meza ya mkuu ikawa juu. "Mama," nikamwita mjukuu, "litaje tena." Akalitaja. Nikapiga hatua ya kwanza nikaufungua mdomo pole pole: earthquake. Hapana, si hilo. Hatua ya pili: quarrelsome. Si hilo. Hatua ya tatu. Acquaintance. Likagongana na sauti ya mtoto kama chungu na kifuniko chake.

"Huyu," nikasema, "ni mtu mnayejuana naye barabarani. Unajua ana ng'ombe wawili na mguu unaomuuma. Mnasalimiana vizuri. Lakini akifiwa huendi kulala matanga, unatuma pole kwa mtu anayepita."

Hawakucheka. Mkuu wa shule aliinamisha kichwa akaandika kitu.

Karani akasimama. "Mheshimiwa mkuu, huyu bibi anasaidiwa!"

"Anasaidiwa na nani?"

"Anatembea!"

"Kutembea hakujakatazwa, mzee. Kaa."

Kofia ikatikiswa. Likatoka exhaustion. Nikarudi mlangoni, nikapanda hatua nne, na safari hii watu walikuwa wanahesabu pamoja nami, moja, mbili, tatu, nne. "Ni uchovu uliopita usingizi," nikasema. "Umelala, umeamka, mwili unakataa amri. Unautazama hata ugali kama mlima." Mama mmoja nyuma akaitika, "Hee, huo naujua!" Likatoka earthquake, hatua moja tu. "Ni ardhi kugeuka upande kama mtu kitandani, vikombe kabatini vinasalimiana." Likatoka quarrelsome. "Ni yule anayefika msibani, kabla hajalia anauliza nani kapakua nyama." Hapo darasa zima likageuka kumtazama shemeji yangu, na mimi sikuwa nimemtaja.

Likabaki moja, halikuhitaji hata kofia. Mjukuu akalisema: tranquillity. Nilipanda hatua zote tano nikasimama mbele ya meza.

"Ni utulivu," nikasema.

Mkuu akavua miwani. "Hilo ni neno, bibi. Sharti ni maelezo. Utulivu ndiyo nini?"

Mtoto alinieleza vizuri jikoni, amani ya moyo, kukosa wasiwasi, na hayo yote nilikuwa nayo mdomoni. Lakini yalikuwa maneno ya kamusi, yeye mwenyewe mkuu angeyajua. Nikatafuta ya kwangu, nikakuta hakuna kitu. Mguu ulikuwa unanicheza chini ya kitenge. Nilisikia mwalimu anageuza kalamu.

"Kusema kweli mimi sinao," nikasema.

Mjukuu wangu akafumba macho.

"Lakini niliwahi kuupitia. Unatoka mtoni na ndoo kichwani, mlima wote ule. Unafika, unaitua. Shingo bado inadhani imebeba. Hapo, kabla shingo haijajua, na kabla mtu hajakuita jikoni, kuna kitu kidogo katikati. Hakifiki hata pumzi mbili. Nafikiri ndicho hicho."

Mvua ilikuwa imeanza, nilikuwa sijaisikia. Mkuu alirudisha miwani, akamtazama mwalimu, mwalimu akamtazama mkuu, halafu yule kijana wa Tanga akafunga daftari lake akasema kwamba anayekwenda Liuli ni mjukuu wangu.

Hakunirukia shingoni, si desturi yetu. Alikuja akasimama karibu yangu mpaka bega lake likagusa langu, akasema, "Bibi, viatu vinakuuma. Vua." Nikavua hapohapo mbele ya karani. Tukaenda nyumbani miguu mitupu, mvua inatupiga, yeye mbele kabeba viatu vyangu na mimi nyuma nampigia kelele asiviloweshe.

Jumatatu gari likamchukua. Siku ile sikutulia. Nilipalilia palipopaliliwa. Nilipanga upya kuni. Nilipanda mpaka kule ukingoni unakoliona ziwa kama siku haina ukungu, likawa na ukungu, nikashuka. Saa kumi na mbili jioni simu ikalia.

"Bibi, shikamoo. Tumefika salama. Naliona ziwa dirishani, kubwa! Tumekula wale samaki wadogo wa kwenu, usipa."

"Marahaba. Umepewa blanketi?"

"Nimepewa. Bibi, sikiliza. Wametupa herufi mpya, V. Kesho ni zamu yangu, na mimi nina vulnerable. Lina herufi kumi. Kamusi inasema ni kitu kinachoweza kuumizwa kwa urahisi."

"Basi si umeshapata? Na huko si kuna walimu?"

"Wapo wengi. Nimeona nikuulize wewe. Ungesemaje?"

Nilikuwa uani, nikaanza kutembea, simu sikioni, mara kwenye banda la kuku, mara kwenye mlango wa jiko. Nikasema, "Ni mche wa kahawa umeung'oa kitaluni, umeupeleka shambani saa sita mchana, jua kali, mizizi haijashika popote. Mbuzi akiutazama tu, unakauka. Kwa hiyo unaufunika kwa majani ya mgomba, na wewe mwenyewe huendi mbali, unasimama hapo, unazunguka zunguka, unajifanya una kazi nyingine..."

"Polepole, bibi," akasema. "Naandika."